Mvua Iliyotoka Bwawani

Nakuru, Jumapili jioni, Aprili. Manyunyu tangu asubuhi, ya ile aina isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Moyo wangu leo ni mchungu na sitaki kusingizia hali ya hewa.

Kufuli mpya iko mezani mbele yangu. Niliinunua jana mjini. Muuzaji aliniuliza, "Ni ya gate ama ya store, madam?" Nikamwambia ni ya kufungia mvua. Alicheka, nami nikamwacha acheke, maana ningeanza kumweleza angefunga duka kabla sijafika katikati.

Nitaeleza hapa, ambapo hakuna mteja anayesubiri nyuma yangu.

Mimi ni mwanafunzi wa maji. Niliosoma nao sekondari siku hizi wana vyeo na watoto. Mimi bado nabeba chupa. Ninachotafuta ni hesabu ya Ziwa Nakuru: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na kwa nini miaka hii yanayoingia yameyashinda yanayotoka mpaka ziwa likavuka fensi ya mbuga na kuingia kwa watu. Ziwa hili halina mto unaotoka. Njia kubwa ya maji kuondoka ni kuvukizwa na jua. Kuingia, yanaingia kwa mvua, kwa mito inayoteremka kutoka milima ya Mau, na kwa njia za chini ya ardhi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mvua unaweza kuipima. Mto unaweza kuupima ukiwa na subira. Hayo ya chini ya ardhi utayapimaje?

Hapo ndipo isotopu zinapokuja. Maji yote hayalingani. Ndani ya maji yoyote, hata haya ya glasi yangu, kuna chembe zilizo nzito kidogo kuliko nyingine. Si uchafu, si chumvi, zimeumbwa hivyo tu, na ulimi hauwezi kuzitambua. Jua likipiga ziwa, chembe nyepesi zinatangulia kuondoka na nzito zinabaki nyuma. Ni kama supu iliyosahauliwa jikoni, inavyozidi kukolea kadiri inavyokauka. Kwa hiyo maji yaliyokaa juani muda mrefu yana sura yake, mvua ina sura yake, na maji ya chini ya ardhi yana yake. Ukijua sura ya kila kinachoingia, na ukajua sura ya kilichobaki ziwani, unaweza kukadiria kiasi gani kilitoka wapi na kiasi gani kilichukuliwa na jua.

Ukijua. Neno hilo limenila mwaka mzima.

Sikuchagua somo hili kwa kupenda sayansi. Watu huniuliza kwenye makongamano, nami huwajibu kwa maneno mazuri kuhusu rasilimali na vizazi vijavyo. Uongo mtupu. Nilichagua kwa sababu ya Baba.

Baba alikuwa na ploti upande wa Barut, karibu na fensi ya mbuga, ambako alijenga alipostaafu udereva wa lori. Mama alipofariki tulimzika hapo hapo, nyuma ya nyumba, kando ya mti wa mukima alioupanda mwenyewe. Wakati huo ziwa lilikuwa mbali, kitu cha kuonyesha wageni. Halafu likaanza kusogea. Lilichukua fensi, likachukua mahindi ya jirani, likachukua choo chetu, na siku moja tukajikuta tunahamisha viti maji yakiwa magotini. Kaburi lilifunikwa kabla ya nyumba kwa sababu liko mteremkoni. Kwa hiyo tulipata muda wa kuliangalia likienda.

Sasa Baba anaishi mtaa wa Rhonda, katika chumba kimoja cha kupanga. Mabati ya nyumba yetu, milango na fremu za madirisha, alivitoa mwenyewe akavipanga nyuma ya chumba hicho chini ya turubai. Mwenye ploti amemwambia mara nyingi aviondoe, kwamba panya wanazaliana humo. Jibu la Baba ni moja tu: "Ngoja msichana wangu amalize kupima."

Swali lake ni rahisi kulitamka. Maji yatarudi? Kama ziwa limejazwa hasa na mvua na mito, basi miaka ya ukame ikija kuna tumaini litapungua na kaburi litaonekana tena. Kama sehemu kubwa imetoka chini, hakuna mtu mkweli atakayekupa jibu la haraka. Baba hataki nimfariji, na amenikataza. Anataka kujua kama aendelee kungoja, au ahamie kwa dada yake Mau Narok jinsi anavyoombwa kila Krismasi, na mabati yauzwe. Nilimwahidi nitamwambia. Nilimwahidi kama mtu aliyesoma kitabu kimoja na kudhani amemaliza maktaba.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Ili kujua mto unaleta nini, lazima ujue mvua ya huko juu unakotokea. Kwa hiyo nilitega mtungi Mau Narok, nyumbani kwa shangazi yangu Nyambura, huyo dada yake Baba, ambaye sote humwita Tata. Ni chombo cha kawaida kabisa: mtungi wa plastiki ndani ya sanduku la mbao, faneli juu, na mpira mwembamba unaoshuka mpaka chini ili maji yasivukizwe. Mvua ikinyesha inaingia. Kila mwisho wa mwezi nakuja, napima kiasi, najaza chupa ndogo mpaka mdomoni bila kuacha hewa, nafunga kwa nguvu, namwaga yaliyobaki, naondoka. Kama hakukunyesha, mtungi unakuwa mtupu, na mtupu nao ni jibu. Nilimweleza Tata haya yote. Nilimwambia asiuguse, naye akaitikia kwa kichwa jinsi mtu anavyomwitikia mgeni anayekataa chai.

Hapa lazima niseme kuhusu jina langu. Mimi ndiye binti wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake Baba, Wairimu. Kwetu jambo hilo halichukuliwi kimchezo. Baba huniita Mami. Tata huniita Mami. Nikiingia kwa Tata, ni mama yake mzazi ameingia, na hawezi kumpokea ovyo ovyo. Utotoni nilifurahia sana, maana nilikuwa napewa paja la kuku binamu zangu wakigombania shingo. Tata alikuwa akinifuta mdomo na kuniambia nisikonde, watu watasema hamtunzi mama yake. Nilikuwa darasa la pili.

Mwaka uliopita mvua ilisumbua. Kuna miezi mawingu yalipita juu ya Mau Narok bila kushuka, na ngano ikasimama mashambani imekonda. Lakini mtungi wangu haukukosa maji hata mwezi mmoja. Nilifurahi kama mjinga. Huko juu kuna ukungu mzito wa asubuhi, nikajiambia ni huo unaodondoka kwenye faneli. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa na chupa zangu zote, zimejaa, zina lebo nzuri, na nilizituma maabara ya ng'ambo nikiwa nimeshaanza kuota jibu la Baba.

Jumatatu matokeo yakarudi.

Mvua, popote inyeshapo, ukiichora kwa vipimo vyake viwili, cha haidrojeni na cha oksijeni, hukaa karibu na mstari mmoja. Maji yaliyokaa juani huuacha mstari huo na kuteleza upande. Mito yangu ilikuwa mahali pake. Ziwa lilikuwa mbali kabisa, kama tulivyotarajia. Lakini mvua ya Mau Narok, mwezi baada ya mwezi, ilikuwa imeuacha mstari na kushika njia ya kuelekea ziwani. Mvua iliyokaa juani kabla ya kunyesha. Hakuna kitu kama hicho.

Msimamizi wangu, ambaye nitamwita Daktari kwa sababu ndivyo anavyopenda, hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Aliigeuza kompyuta nikaziona zile nukta za mchoro, akauliza:

"Wairimu, hii maji ulitoa wapi?"

"Kwa mtungi, Daktari."

"Haina chumvi, kwa hivyo si ya ziwa. Hii ni maji ya dam. Ukienda Mau Narok unapita dam ngapi kwa njia?"

Nilielewa polepole. Alidhani nilichoshwa na ile barabara ya mlima, nikawa najaza chupa kwenye mabwawa ya njiani na kurudi zangu Nakuru. Na kinachoniuma ni kwamba siwezi kumlaumu. Ningekuwa kwenye kiti chake ningedhani hivyo hivyo. Kuna mwanafunzi wa zamani aliyejaza chupa zake kwenye bomba la hosteli akaziita mvua, na kila mtu idarani anaijua hadithi hiyo, hata anayefagia. Sasa wamepata hadithi mpya. Kabla sijafika nyumbani, nafasi yangu wiki hii kwenye mashua ya kuchotea sampuli za ziwa ilikuwa imepewa mtu mwingine, na aliyepewa ndiye aliyenitumia ujumbe kuniuliza makasia huwekwa wapi.

Nilimjibu. Nilimwelekeza vizuri kabisa, hata nikamwambia lile moja lina ufa. Nilijichukia kidogo nilipomaliza.

Alhamisi nikapanda Mau Narok bila kupiga simu. Nilimkuta Tata amekaa kwenye kigoda uani, anachambua viazi vya mbegu. Alinipokea kama kawaida, kwa mikono miwili na maswali ya afya. Nilikataa kukaa. Nikamuuliza kama kuna mtu huongeza maji kwenye mtungi.

"Ni mimi," akasema, bila hata kuinua macho. "Mami atoke Nakuru mpaka hapa, afungue mtungi akute hakuna kitu? Mimi ningeangalia watu na macho gani?"

Nikamuuliza ni mara ngapi.

"Kila nikiona imeshuka."

"Miezi gani, Tata?"

"Hiyo sikumbuki. Kwani maji si maji?"

Alikuwa akiyachota kwenye bwawa la ng'ombe lililo chini ya shamba la ngano la jirani, kwa sababu tangi lake lilikuwa limekauka. Alikwenda huko na ndoo, na miguu yake ile inavyovimba, akapanda nayo mlima. Kisha aliyachuja kwa kitambaa safi. Aliniambia hilo la kitambaa kwa fahari kidogo, kwamba hakutaka nibebe maji yenye uchafu mpaka chuoni watu wakaona.

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nilitaka kupiga teke lile sanduku. Nilimweleza, tena nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mtu, kuhusu nzito na nyepesi, na bwawa na jua, na Daktari na zile nukta. Ningemweleza hivyo mwaka uliopita labda nisingekuwa hapa nilipo. Tata aliacha viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa na udongo, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Sasa mbona baba yako alinipigia akaniambia niongeze?"

Baba.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kile kiangazi nilikuwa nimekaa na Baba Rhonda, nikalalamika, kama mtu anavyolalamika kwa mzazi wake, kwamba mvua ikizidi kukosa na mtungi ukibaki mtupu, huenda nikaambiwa nirudie mwaka mwingine. Nililisema likapita. Yeye hakuliacha lipite. Nilipoondoka tu alimpigia dada yake akamwambia asiuache mtungi wa Mami ukauke, mtoto amalize haraka. Tata naye alikuwa ameshaanza kwa sababu zake za heshima, na sasa akawa na ruhusa ya kaka mkubwa. Aliongeza kwa bidii.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akingoja jibu kuliko mtu yeyote duniani ndiye aliyelizika.

Tata hakulia wala hakuomba msamaha. Aliingia ndani, akarudi na gunia dogo la waru na chupa ya maziwa, kama kawaida, kwa kuwa hata siku kama hiyo Mami haondoki hivi hivi. Na mimi nikabeba, kama kawaida, nikakikasirikia kila kiazi mpaka Nakuru.

Ijumaa nilimwambia Daktari ukweli.

"Auntie?" akasema. "Unataka niandike auntie kwa ripoti?"

Nilimwomba tuchukue miezi ya mvua nyingi tu, ile ambayo Tata hakuwa na sababu ya kuongeza. Akaniuliza kama ninaweza kuapa ni ipi. Siwezi. Tata mwenyewe hawezi. Basi mvua yote ya Mau Narok imefutwa. Ripoti itatoka bila sehemu ya maji ya chini ya ardhi, na mahali pake patakuwa na sentensi moja ya kusema kwamba makadirio yanahitaji uchunguzi zaidi. Huo ndio mwaka wangu, sentensi moja, na hata hiyo ataiandika mtu mwingine. Nikitaka kurudia, nirudie kivyangu, nje ya mradi, mwaka mzima kuanzia mvua hizi. "Na iwe na kufuli," Daktari alisema. "Na funguo iwe na wewe peke yako."

Yeye anadhani kufuli ni kitu kidogo. Nyumba ya Tata ni nyumba ambayo mlango wa jikoni haufungwi mchana, ambako naingia na kujipakulia bila kuuliza. Sasa nitapiga kufuli kwenye sanduku lililo katikati ya ua, wanakopita majirani wakienda kuchota maji. Watauliza Nyambura aliiba nini. Na yeye atawajibu nini? Kwamba mama yake amemfungia mvua?

Hiyo ndiyo kufuli iliyo mezani.

Nimechelewa kufika kwenye habari ya leo. Nadhani nilikuwa naikwepa.

Leo baada ya kanisa tulienda ziwani, mimi na Baba, kama tunavyofanya Jumapili nyingi. Tulisimama pale barabara yetu ya zamani inapoingia majini. Zimebaki kuta mbili za nyumba na ule mti wa mukima, mkavu, umepakwa weupe na kinyesi cha ndege. Baba hupima kwa mti huo. Akiupata kwa macho husogeza kidole kulia kidogo, halafu anavua kofia. Hapo ndipo Mama alipo. Kuna wakati ndege aina ya mwari hutua papo hapo na kuelea, na Baba humngoja aondoke kabla ya kusali. Leo walikuwa wawili na hawakuondoka, kwa hiyo alisali wakiwepo.

Alipomaliza akauliza, "Mashine ilisema aje?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema bado haijajibu. Njia nzima kutoka kanisani nilikuwa nikilipanga neno hilo. Lakini nilipofungua mdomo likatoka lingine.

"Ilisema mvua ya Tata Nyambura ni maji ya dam."

Akatabasamu. Hilo ndilo lililonimaliza. Baba yangu alitabasamu kama mtu aliyesikia habari njema.

"Kwa hivyo aliweka," akasema. "Nilimwambia asikuangushe."

"Baba, umeniharibia."

Nilisema hivyo, neno kwa neno. Sijawahi kumtamkia Baba kitu kama hicho, hata nikiwa kijana na kichwa kigumu. Kisha nikaendelea, kwa sababu nilishaanza. Nilimwambia habari ya Daktari na mashua, habari ya mwaka uliofutwa, habari ya mimi kuitwa mwongo na watu ninaosoma nao. Nilimwambia kwamba mtungi mtupu ungekuwa jibu zuri, kwamba hakuna kitu nilichohitaji kama mtungi mtupu. Sauti yangu ilipanda mpaka wale vijana waliokuwa wakiosha pikipiki pembeni wakageuka. Sikujali. Nataka kuandika kwamba niliona aibu baadaye, lakini mpaka sasa sijaiona.

Kofia ya Baba ilikuwa bado mkononi, manyunyu yanamwangukia kichwani.

"Kwa hivyo mwaka mzima tumekuwa tukipima dam ya Nyambura," akasema.

"Ndiyo."

"Na mama yako?"

"Sijui, Baba. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta."

Aliutazama ule mti. Alisogeza kidole kulia kidogo, kama anahakikisha pako palepale.

"Mimi nilitaka tu umalize nikiwa bado naweza kutembea mpaka pale."

Baba amezeeka. Sikuwa nimeliona hilo, au nimekuwa nikiliona kila Jumapili kidogo kidogo mpaka nikalizoea. Alipokuwa akishuka ule mteremko leo alinishika bega, na mkono haukuwa na uzito wowote. Ningependa kusema hasira iliisha hapo. Haikuisha. Ninapoandika haya bado ninayo, na ninampenda, na sijui mtu hufanya nini na vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Nikatoa kufuli kwenye mkoba nikamwonyesha. Nadhani nilifanya kwa ubaya, ili aone nilikofikishwa. Nikamwambia Daktari amesema lazima iwepo, na kwamba naenda kuiweka kesho. Aliishika, akaipima uzito kwenye kiganja, akaifungua na kuifunga. Nilingoja aniambie kwamba nitamwaibisha dada yake mbele ya watu, na nilikuwa na jibu tayari. Hakusema hivyo. Akauliza itachukua muda gani tena. Nikamwambia mwaka, kama mvua itakuwa nzuri au kama itakuwa mbaya, mwaka ni mwaka. Akasema atamwambia mwenye ploti kuhusu mabati.

Kufuli ina funguo mbili kwenye pete moja. Nikachomoa mmoja nikampa. Daktari alisema nikae nazo peke yangu, lakini nyumbani kwetu ufunguo wa pili hukaa kwa mzazi, ndivyo tulivyolelewa, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kabla sijafikiri.

Baba hakuupokea. Alinikunja vidole juu yake, akanirudishia mkono wangu.

"Kaa nazo zote," akasema. "Usinipe, Mami. Hata nikikuomba. Mvua ikikosa tena, nitakuomba."

Funguo ziko hapa, zote mbili, kando ya kufuli. Manyunyu yamekatika. Kesho asubuhi naenda Mau Narok. Nitamwaga yaliyomo, nitausuuza mtungi, nitaweka kufuli mbele ya Tata, na majirani watazame kama wanataka. Mwisho wa mwezi nitafungua. Nikiukuta mtupu, nitaandika mtupu.